Bomba la Kwenda Jikoni

Sijawahi kushindwa na kutu. Niliseme hilo mapema ili tusipotezeane muda. Nimeshindwa na mume, nimeshindwa na majirani, nimeshindwa hata na mbuzi, lakini chuma kikiletwa karakanani kwangu, kiwe kimeoza namna gani, kitatoka kimesimama. Karakana yangu iko kando ya barabara ya kwenda Hombolo, na kwa jinsi Dodoma inavyojengwa siku hizi kila kona, kazi haikauki kwangu. Maofisa waliohamia huku wanataka mageti makubwa, na kila mmoja anataka awekewe simba juu yake. Simba nimechomelea mpaka nimewachoka. Mteja mgeni akinikuta nimevaa ovaroli na miwani myeusi huwa anauliza, "Fundi yuko wapi?" Namjibu, "Fundi ndiye huyu, labda wewe ndiye uliyepotea." Wengi hucheka wakaingia. Wanaonuna nawaacha waende zao.

Sasa fikiria mtu mwenye mdomo kama wangu anapigiwa simu na jirani wa mama yake kule Mvumi, anaambiwa, "Mama yako kaanguka barazani. Alishika chuma, nguzo ikakatika mguuni, akaenda nayo mpaka chini." Niliogopa, kisha nikaona aibu. Mganga hajigangi, wanasema, lakini hapa mganga alikuwa anachomelea simba wa watu huku vyuma vya mama yake vinaliwa.

Mama yangu haoni. Ni ule ugonjwa wa vikope uliowasumbua wanawake wengi wa huku kwetu, pamoja na vumbi na nzi na shida ya maji. Macho yalianza kumwasha nikiwa shule ya msingi. Alipelekwa hospitali, akapasuliwa kope, akapata nafuu, ukarudi. Nilipokuwa mjini najifunza ufundi, giza likamfunga moja kwa moja.

Baba ndiye aliyemwekea vyuma. Hakuwa fundi. Alikuwa dereva wa lori la mahindi na alizeti, mikono yake ilijua usukani na jembe, basi. Lakini mama alipoanza kujigonga milangoni, baba alikwenda akanunua mabomba chakavu ya maji, akaazima mashine ya kuchomelea, akayaunga mwenyewe. Nyumba yetu imekaa kwenye mwinuko wa mawe, kwa hiyo baraza liko juu, na ukikosa ngazi unatua juu ya mawe. Vyuma vilianzia mlangoni mwa chumba chao, vikazunguka baraza, vikateremka na ngazi, kisha bomba moja refu likakatiza ua mpaka kwenye jiko la nje. Mama alishika chuma pale mlangoni na hakukiachia mpaka afike penye mafiga. Fimbo hakuitaka. "Fimbo ya nini, mimi nina vyuma vyangu," alikuwa akisema, na mtu akijaribu kumshika mkono kumwongoza anapigwa kikofi. Baba alifariki, vyuma vikabaki, naye akaendelea kupika ugali wake wa uwele na mlenda wake mwenyewe, jirani akimchungulia asubuhi na jioni.

Kabla sijafunga karakana siku ile, kaka yangu naye akapiga. Kaka ni afisa mjini hapa, mtu mzuri, hana roho mbaya hata kidogo, ila akishaamua jambo huwa kama amelipiga muhuri.

"Mama anahamia kwangu," akasema. "Jumapili baada ya ibada nakwenda na pikapu. Kitanda chake, sanduku lake, na yeye mwenyewe. Chumba kipo."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Safari hii kaumia nyonga. Safari ijayo nikamuulizie kaburini?"

"Na vyuma vikitengenezwa?"

"Dada, vile vyuma vimeshakufa."

Hapo akawa amenigusa pabaya. "Kaka, wewe nakuheshimu," nikamwambia, "lakini kaa na mafaili yako, chuma niachie mimi. Jumapili ukija ukamkuta mama anatoka chumbani mpaka jikoni na kurudi peke yake, bila kushikwa na mtu, utaliondoa pikapu lako na hilo neno la kuhama hatutalisikia tena. Akishindwa, nitakusaidia mwenyewe kupakia kitanda." Akasema sawa. Namjua, akisema sawa ni sawa, kwa pande zote mbili.

Na mimi nilijua mama anaonaje kuhusu kuhama. Kiangazi kimoja alikaa kwa kaka mpaka mvua zikaanza. Wifi yangu hana neno, alimpikia, alimfulia, alimpaka mafuta miguu. Nyumba nzima ina vigae vinavyoteleza na kuta laini. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta kwenye kochi, mikono mapajani. Akaninong'oneza, "Nikisimama naambiwa mama kaa. Nikishika kikombe naambiwa mama acha. Wananipenda, mwanangu, lakini nimewekwa kama sanduku. Nirudishe nikachemshe chai yangu." Sijawahi kumsikia mama akiomba kitu kwa sauti ile. Nilimrudisha wiki ileile.

Kwa hiyo Alhamisi alfajiri nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikapakia jenereta ndogo, mashine ya kuchomelea, grenda, mabomba mapya, mfuko wa saruji na rangi, nikamwambia dereva atie moto. Mama nilimkuta kitandani, nyonga imevimba, lakini ulimi mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, kisha akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, fundi wa simba! Leo umetukumbuka?"

"Nimekuja kutengeneza vyuma."

"Tengeneza haraka, nimechoka kuletewa chai ya majirani. Wanaweka sukari kama wanapikia harusi."

Jirani alikuwepo pale pale mlangoni, mama mtu mzima mwenye kicheko cha kusikika mpaka bondeni, akasema, "Haya, asante ya punda mateke!" Wakacheka wote wawili. Tukakubaliana mama ahamie kwa jirani mpaka Jumamosi, maana moshi na rangi si vitu vya kukaa navyo mgonjwa. Tukamsogeza taratibu, analalamika njia nzima kwamba tunamshika kama yai.

Mimi nikarudi kwa mgonjwa wangu. Chuma kilichooza hujulikana kwa sauti. Ukikigonga kwa nyundo, kizima kinalia, kibovu kinajibu kama unagonga gunia. Nilizigonga nguzo zote. Juu zilikuwa zinalia vizuri, nilishangaa, bomba la zamani lina nyama. Ubovu wote ulikuwa miguuni, pale chuma kinapozama kwenye zege. Sababu niliijua kabla sijainama. Mama husugua baraza kila asubuhi, kumekucha tu, hata kama hakuna aliyelikanyaga, kwa maji ya kisima chetu cha chumvi. Ndivyo alivyolelewa, baraza chafu ni aibu ya mwanamke. Yale maji yakishuka yanatuama kwenye kila mguu wa nguzo, chumvi inabaki, jua linapiga, kesho tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa nimekuja Krismasi na Pasaka, nikala kuku, nikaondoka bila kuinama.

Basi nikafanya kazi. Nilikata miguu yote iliyooza, nikachomelea mipya minene. Kwenye kila mguu nikajenga kilima kidogo cha saruji ili maji yateremke yaende zake badala ya kutuama. Vichwa vya nguzo vilivyokuwa wazi vikinywa mvua nikavifunga kwa vipande vya bati nene. Bomba la uani lilikuwa limelegea kwa kusuguliwa na mbuzi, nikalikaza. Adhuhuri jirani aliniletea kibuyu cha maziwa ya mgando, mama kayaagiza. Sisi mafundi wa kuchomelea tunaamini maziwa yanasafisha moshi kifuani. Sijui kama ni kweli, lakini maziwa ya kwetu siyakatai hata kama ni uongo.

Ijumaa nikaingia kwenye usafi. Hapa ndipo ninapojisikia mfalme, nisiwafiche. Mtu yeyote anaweza kuunganisha chuma na chuma. Fundi anaonekana kwenye usafi. Karakanani kwangu kijana akiacha tone la chuma lililogandia kwenye kiungo, au donge la kuungia, namrudisha asage mpaka kidole kipite bila kujua kwamba hapo palikuwa na kiungo. Na vyuma vya baba, jamani! Vilikuwa vimejaa aibu. Mahali pengine donge limevimba kama jipu. Pengine madonge mawili yamefuatana kwenye bomba zima ambalo hata halikuwa na kiungo. Kuna sehemu amezungusha waya akausokota, kuna sehemu amechomelea nati pembeni, haishiki kitu chochote. Nikasema, Mungu amrehemu baba yangu, lori alilijua, lakini mashine ya kuchomelea ilikuwa inamwendesha yeye.

Nikawasha grenda nikasaga vyote. Donge moja moja. Waya nikaukata, nati nikaing'oa. Mchana mama aliuliza kwa sauti kutoka uani kwa jirani, "Mwanangu, mbona unakata sana? Unakata nini?"

"Kutu, mama!" nikamjibu.

"Haya. Kata kutu."

Nikapitisha brashi ya waya, nikapitisha msasa, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na ilipokauka nikapaka ya juu, bluu. Jirani akaja kuangalia akashika kiuno. "Sasa bluu ya nini, naye haoni?"

"Ataambiwa na wewe."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," akasema akicheka, akaenda zake.

Jumamosi mchana rangi ilikuwa imekauka kabisa. Nilisimama uani nikaviangalia, nikajipongeza kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kunipongeza. Chuma kilikuwa kimenyooka, kimeng'aa, hakitikisiki hata ukiegemeza ng'ombe. Nikaenda kumchukua mama. Nyonga ilikuwa imepungua uvimbe, anachechemea lakini anatembea. Nikampeleka mpaka mlangoni mwa chumba chake, nikamwekea mkono kwenye chuma, nikarudi nyuma.

"Twende jikoni, mama. Peke yako."

Akapapasa. Akatabasamu. "Laini," akasema. "Kama mgongo wa ndama." Akaanza kwenda.

Alikwenda hatua chache akapunguza mwendo. Mkono ukarudi nyuma kidogo, ukaenda mbele, ukarudi tena. Akaendelea. Alipofika karibu na ngazi hakusimama. Mama yangu, ambaye miaka yote anasimama pale kabla ya ngazi, anavuta pumzi, anateremka kama mtu anayeona, alipitiliza. Mguu ukatoka hewani. Nilimrukia nikamdaka kwa kiuno, tukakaa chini wote wawili kwa kishindo.

"Mama! Ngazi!"

"Ngazi iko wapi?" akauliza. Aliinua mkono akalishika tena bomba, akalipapasa juu na chini, juu na chini. "Donge liko wapi?"

"Donge gani?"

"Donge la ngazi. La baba yako."

Nikapitisha kidole changu pale, kikapita bila kujua kwamba palikuwa na kitu.

"Ulisema unakata kutu," akasema mama. Kisha akalia. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona mama akilia, wala sitaki kuona tena. "Macho yalipokufa sikulia, maana baba yako aliyaweka kwenye hivi vyuma. Mwanangu, leo ndiyo umenipofusha."

Unajua kuna hasira ambayo huna wa kumpelekea? Nikaanza kubwata. Mbona hukuniambia, mbona baba hakuniambia, mtu atajuaje? Mama akajifuta uso na khanga. "Ungejuaje na wewe hukuwepo? Na hukuuliza. Mimi nilikuuliza unakata nini, ukanijibu kutu." Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na mimi, kabla ya safari hii, nyumba ile sikuwa nimeilalia usiku wa pili mfululizo tangu nianze kushika pesa yangu.

Pale chini tulipokaa akanieleza. Panapoteremka, baba aliweka donge moja kubwa. Panapokata kona, madonge mawili yanayofuatana. Penye hatari, kama pale jiwe linapotokeza uani, waya uliosokotwa, ili mkono ukiguswa na ukali wake ujihadhari. Jikoni, kabla tu ya moto, nati. Baba alikuwa amefunga macho kwa kitambaa, akatembea mwenyewe njia nzima, na kila alipojigonga au kujikwaa akaweka alama. Jirani aliyekuwa amekuja mbio kwa kile kishindo akathibitisha. "Tulimcheka sana," akasema. "Dereva mzima amejifunga kitambaa cha mkewe, anaanguka uani kwake mwenyewe."

Nikaangalia jua. Lilikuwa bado liko juu. Kesho, baada ya ibada, pikapu.

"Mama, nyonga inauma?"

"Inauma."

"Unaweza kusimama?"

"Kwani unataka nini?"

"Nataka unionyeshe. Kila mahali. Leo hii."

Akanyoosha mkono nimwinue. "Washa moto wako," akasema.

Nimefanya kazi na watu wengi, lakini msimamizi kama yule sijapata. Alipapasa ngazi ya kwanza kwa kidole cha mguu, akaweka kiganja kwenye bomba pale kinapoangukia chenyewe. "Hapa. Hapana, nyuma kidogo. Hapo." Nikachora chaki, nikamsogeza kando, nikakwangua rangi yangu nzuri ya bluu mpaka chuma kikatoka, nikawasha jenereta. Halafu nikafanya jambo ambalo ningemfukuzia kijana karakanani. Nilidondosha chuma cha moto juu ya bomba zima, tone juu ya tone, mpaka kikawa kinundu, nikakiacha hivyo hivyo bila kukisaga.

"Geuka, mama, mwanga huu mkali."

"Utanipofusha mara ngapi?" akasema. Jirani akaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka kijiti cha kuchomelea kikanata kwenye bomba. Nilijua basi amenisamehe, au ameanza.

Kila kinundu kilipopoa alikikagua. Cha ngazi alisema kidogo, kama upele, ongeza. Kimoja cha kona akasema kikali, kitamchuna, nikakipitishia msasa kwa mkono. Vinundu viwili vya kona nyingine alisema vimeachana sana, vinazungumza polepole, nikaviweka upya. Waya nikausokota tena penye jiwe. Nati nikaitafuta kwenye takataka, ileile ya baba, nikairudisha mahali pake. Alikuwa mgumu wa kuridhika kuliko afisa yeyote niliyemfanyia geti, na alikuwa na haki.

Tulipofika katikati ya bomba refu la uani akasimama. Pale hapana ngazi, hapana kona, hapana jiwe. Ni ua mtupu, tambarare, baraza limebaki nyuma na jiko bado liko mbele.

"Weka na hapa," akasema.

"Hapa baba aliweka?"

"Hakuweka."

"Sasa pana nini?"

"Fundi anauliza au anafanya kazi? Weka."

Nikaweka. Akakishika, akasema kiwe kikubwa zaidi. Nikaongeza. Akakifunika na kiganja chake chote, akatulia kidogo, akasema kinatosha. Jua lilikuwa linaingia tulipomaliza. Alikwenda njia nzima peke yake, taratibu, nikimfuata nyuma kama paka. Alisimama penye ngazi. Akateremka. Akafika jikoni, akagusa nati, akainama akatafuta kiberiti mahali pake. Lakini nyonga ilikuwa bado inamvuta, na mkono haukuwa umezoea vinundu vipya, na mara mbili alirudi nyuma kuhakikisha. Sikulala vizuri. Mimi najiamini, lakini nilikuwa nimeahidi kupakia kitanda kwa mikono yangu.

Jumapili kaka akaja kama alivyosema. Pikapu tupu nyuma, kamba imekunjwa vizuri juu ya bodi. Wifi kavaa nguo za ibada, kabeba mikate. Wakamsalimia mama, aliyekuwa kakaa mlangoni mwa chumba chake, kajifunga khanga mpya. Kaka akaviangalia vyuma. Akavitikisa, havikutikisika, akatikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akaona zile sehemu nilizokwangua rangi.

"Hukumaliza? Mbona vina vinundu vinundu hivi? Na kazi yako huwa safi."

"Nimemaliza," nikasema.

"Karibuni, kaeni barazani," mama akasema. "Chai iko jikoni. Naileta."

Kaka akainuka pale pale kumshika. Nikamkamata shati. "Tulikubaliana," nikamwambia. Akakaa, lakini kwenye ncha ya kiti, na wifi akaweka mikono kinywani.

Mama akashika chuma. Alikwenda polepole kuliko zamani, siwezi kudanganya. Penye kinundu cha ngazi alisimama, akavuta pumzi, akateremka. Kona ya chini ya ngazi akaipata. Uani akachechemea akiwatangulia mbuzi waliokuwa wanamfuata wakidhani ana pumba, akaguswa na waya, akalikwepa jiwe, akaingia jikoni. Tukasikia sufuria, tukasikia kifuniko. Kaka alikuwa ameshika magoti yake. Mama akatoka, mkono mmoja birika, mmoja bomba, anarudi.

Katikati ya ua akasimama.

Alisimama pale muda, kiganja juu ya kile kinundu cha mwisho, birika linatoa mvuke, haendi mbele wala nyuma. Kaka akanong'ona, "Amepotea." Akainuka. Hata mimi nilidhani amepotea. Nikaona pikapu, nikaona lile kochi la mjini.

"Mama," kaka akaita, "usisogee, nakuja!"

"Kaa chini," mama akajibu. "Sijapotea. Napumzika."

"Unapumzikia katikati ya ua?"

"Hapa ndipo palikuwa panaogopesha kuliko pote," mama akasema, wala hakupaza sauti, ua wote ulikuwa kimya. "Nikiacha baraza na sijafika jiko, nilikuwa naona kama niko porini. Kila mahali baba yenu aliweka alama, ila hapa hakuweka. Hapa alikuwa anasimama mwenyewe. Nikitoka tu mlangoni ananiita, 'Nipo hapa. Njoo.' Nami nakuja mpaka nashika mkono wake." Akakipiga piga kile kinundu. "Alipokufa, hapa palibaki laini. Nilikuwa napita haraka haraka nisipasikie. Jana nimemwambia mdogo wako apawekee kitu."

Akaja na birika. Akapanda ngazi. Akaliweka mezani bila kumwaga tone, akasema sukari kila mtu ajiwekee mwenyewe, hapa si harusini.

Wifi alikuwa analia waziwazi, anajifutia mtandio wake mzuri. Baadaye kidogo kaka akateremka uani, akaenda mpaka pale katikati, akaweka mkono wake mkubwa wa ofisini juu ya kinundu. Alikaa hapo mpaka chai yake ikapoa. Aliporudi akaniambia, "Hizo sehemu zisizo na rangi zitashika kutu. Zipake."

"Nitapaka, nyembamba."

"Ile ya katikati usiipake nene."

"Kaka, najua kazi yangu."

Tuliondoka alasiri, mimi na vifaa vyangu nyuma ya pikapu, mahali palipokuwa pa kitanda. Kaka aligeuza gari, akafungua kioo, akapiga honi. "Mama, tumeondoka!" akaita.

Alikuwa ameshatoka barazani. Alikuwa uani, katikati ya bomba, kaliegemea kwa kiganja, uso kauelekeza kwenye mngurumo wa injini.

"Nipo hapa," mama akaitikia.